Moshi wa Pikapu ya Kaka

Jumatatu, 2 Juni

Sheria mpya ya moshi imeanza leo, na kipupwe nacho kimeamua kuanza nayo. Saa moja asubuhi magari yalikuwa yamejaa uwanja wa kituo cha ukaguzi hadi nje ya geti, na moshi wake haukupanda juu. Ulitambaa chini, ukatuingia miguuni kama paka.

Mkuu wa kituo alisimama kwenye ngazi za ofisi akatusomea waraka. Kuanzia leo, gari la abiria la dizeli na lori dogo haliruhusiwi kutoa hata nusu ya moshi uliokuwa unakubalika mwaka jana. Likizidi, linabandikwa stika nyekundu na haliingii barabarani. Lisipozidi, kijani. Akamalizia kwamba sheria haina mjomba wala shangazi. Mimi ni shangazi wa watoto watatu wa kaka yangu, nikacheka peke yangu.

Napima magari ya njia ya kwanza. Njia ya pili yuko mwenzangu tunayemwita Pasi. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya koti lake la kazi, ambalo huja limenyooshwa kama la bwana harusi. Wengine wanasema ni kwa jinsi anavyowapa madereva pasi. Mimi niko upande wa hao wengine, ingawa sijawahi kumwona akipokea kitu. Mshahara wetu ni mmoja, nami koti langu halijawahi kunyooka hivyo.

Mkuu ametushauri kila mkaguzi awe anaandika yanayompata, maana malalamiko yatakuja. Kwa kuwa binti yangu yuko shule ya bweni na jioni sina wa kuongea naye, nitaandika na yasiyo ya kazi.

Jumanne, 3 Juni

Nyekundu siku nzima. Koo linawasha.

Alhamisi, 5 Juni

Dereva mmoja alikuwa ameziba ekzosi kwa soksi. Niliitoa kwa koleo mbele yake. Akasema hajui imeingiaje, labda ni watoto. Pasi akaniambia kutoka njia ya pili, "Mrudishie, dada, baridi hii itamuua mguu."

Baadaye likaja gari la kubebea maiti, likashindwa vibaya. "Abiria wangu hawajawahi kulalamika," dereva akanieleza. Tulicheka wote wawili, kisha nikabandika nyekundu, naye akaacha kucheka.

Naomba nieleweke. Mimi naiamini sheria hii. Nikipenga kamasi jioni, leso inatoka nyeusi. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi, na msimu huu walimu hufunga madirisha mchana kutwa, watoto wakakaa gizani wakikohoa. Mtu akiniuliza nani alaumiwe, nitamwonyesha ekzosi.

Jumatano, 11 Juni

Leo kaka amekuja.

Nilijua atakuja siku moja, ila sikujua kama atachagua njia yangu. Pikapu yake iliingia na ile fremu ya mbao bodini anayosimamishia vioo, maana kazi yake ni kusambaza vioo vya madirisha kutoka duka moja kubwa. Kioo chake mwenyewe cha mbele kina ufa kutoka kona hadi kona. Kila mwaka tunamtania kuhusu ufa huo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kumbe leo wewe ndiye daktari."

Nikaingiza kijiti cha kipimo kwenye ekzosi. Nikamwambia akanyage mafuta mpaka mwisho, aachie, akanyage tena. Pikapu ilinguruma, ikatoa wingu lililonifunika mpaka kiunoni. Kwenye kioo cha mashine namba zilipanda, zikaupita mstari wa kikomo, zikakaa huko juu zikinitazama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Namba hazikubadilika.

"Mashine si inaweza kukosea?"

"Inaweza, kaka. Leo haijakosea."

Akatoa kichwa dirishani, akaongea kwa sauti ya chini. Mwaka jana gari hili lilipita. Hakijabadilika chochote, kilichobadilika ni karatasi ya Mkuu wangu. Ameshalipeleka kwa fundi, wamesafisha nozeli, wamegusa pampu. Fundi kasema injini ya umri huu haiwezi kufika mnapotaka ifike, labda itupwe na iwekwe nyingine. "Sasa, mdogo wangu, stika zote mbili ziko mkononi mwako."

"Nyuma yako kuna foleni, kaka. Kila aliyemo ana mdogo wake mahali fulani."

"Lakini mdogo wake hayupo hapa. Wangu yupo."

Huyu ndiye aliyeacha shule wazazi wetu walipofariki, akaenda kuwa utingo, ili mimi nisiiache. Pikapu hiyohiyo ndiyo iliyobeba sanduku langu siku naanza chuo. Alisimama nje ya bweni akawaambia wenzangu wote kwamba mdogo wake anasomea mambo ya injini. Nilikuwa nayajua yote hayo nilipokuwa nabandua karatasi ya nyuma ya stika. Ilining'ang'ania vidoleni. Nilibandika nyekundu, tena ikakaa upande.

Aliitazama. "Asante, mkaguzi," akasema, akawasha gari.

Hajawahi kuniita hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempigia kaka mara kadhaa. Simu inaita tu.

Jumapili, 15 Juni

Nilikwenda kwao. Wifi aliniwekea chai mezani, akaenda kukaa jikoni na mlango akaurudishia. Watoto walinisalimia, "Shikamoo, shangazi," wakaondoka mmoja mmoja kama waliokuwa wameambiwa. Kaka alikuwa uani, kichwa kimezama kwenye injini. Alikuwa akikohoa kile kikohozi chake cha madereva, kizito, cha asubuhi na jioni.

"Unasikia kifua chako?" nikamwambia. "Moshi huo unaanza na wewe."

"Njaa nayo inaanza na mimi," akajibu bila kuinua kichwa.

Chai niliinywa ikiwa imepoa.

Jumatatu, 23 Juni

Leo nimeona jambo ambalo halikupaswa kunishangaza. Kupitia geti la nyuma yaliingia magari makubwa ya dizeli, yale marefu yenye vioo vyeusi. Hayakupanga foleni wala kijiti hakikuyagusa. Mkuu alitoka na bahasha ya stika za kijani, akawakabidhi madereva mkononi, akawauliza habari za nyumbani.

Nilimfuata ofisini. "Mkuu, yale hayajapimwa."

"Soma waraka vizuri. Unahusu magari yenye usajili wa kawaida. Yale usajili wake si wa kawaida."

"Na moshi wake, Mkuu?"

Akavua miwani, akaifuta. "Wewe ni mfanyakazi mzuri," akasema. Nimeshafanya kazi hapa muda wa kutosha kujua hilo ni onyo.

Nilipotoka, Pasi alikuwa mlangoni. "Uliuliza nini humo?" Nikamweleza. Akaniambia, "Na mimi niliuliza wiki iliyopita." Sikumwamini. Nilidhani ananitega ili akapeleke maneno.

Jumanne, 24 Juni

Ukungu. Nyekundu nyingi.

Alhamisi, 3 Julai

Jana nikiwa natoka sokoni, pikapu ya kaka ilinipita ikiwa imebeba vioo, nyuma yake wingu jeusi likifunika waenda kwa miguu. Kwenye kona ya kioo kilichopasuka kulikuwa na stika ya kijani.

Leo asubuhi nikaangalia kwenye kompyuta ya kituo. Pikapu imepimwa upya juzi, njia ya pili, siku niliyokuwa nimeomba ruhusa kwenda shuleni kwa binti. Imepita. Mkaguzi ni Pasi.

Basi. Nilichokuwa nakidhani miaka yote sasa nimekiona kwa macho. Nilimkasirikia Pasi, lakini jioni nilipofika nyumbani nilijikuta napika huku naimba. Kaka ana stika, na si mimi niliyempa.

Jumapili, 6 Julai

Kaka amepokea simu. Tumezungumza habari za watoto. Hakuna aliyetaja gari.

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya leo inang'ata. Nilifika nikamkuta Mkuu uwanjani na maafisa wawili wa makao makuu. Wana kipimo cha mkononi siku hizi, wanasimamisha magari barabarani. Ijumaa walisimamisha pikapu moja ya vioo. Moshi wake uliupita mstari mbali sana, na stika yake ya kijani haikuwa na hata wiki mbili.

Pasi aliitwa ofisini. Alitoka bila koti, wamelichukua kama mali ya serikali. "Nililipima," alikuwa akimwambia kila mtu aliye karibu, kwa upole, kama anayeelekeza njia. "Nililipima na likapita. Namba zimo humo." Wamemsimamisha kazi na wanasema watamfungulia mashtaka ya rushwa.

Mimi nilikuwa nashika kijiti. Nilijisemea kimoyomoyo: hatimaye.

Jumanne, 15 Julai

Nimepewa njia zote mbili. Mchana, kwa kuwa namba zake anazosema zimo, niliamua kuziangalia. Ni kweli zimo, tena nzuri mno. Injini ya pikapu ile haiwezi kutoa namba hizo hata ikiombewa.

Nikafungua picha. Mashine hupiga picha kila gari linapoingia kupimwa. Pikapu nyeupe, aina ileile, na namba za kaka mbele. Lakini bodi haina fremu ya mbao. Kioo cha mbele ni kizima. Na mlangoni kuna alama ya mchubuko ninayoijua, maana nimewahi kupanda gari hilo. Ni pikapu ya mwenye duka la vioo, mpya zaidi, yenye injini ya kisasa.

Pasi hakuomba rushwa wala hakuhongwa. Aliletewa gari safi lenye namba za gari chafu, akalipima kama inavyotakiwa, likapita kama ilivyostahili.

Nilifunga picha. Nikaenda chooni nikakaa humo mpaka mtu akagonga.

Jumamosi, 19 Julai

Kaka alikuwa anaosha gari. Wamemwachia baada ya faini ya barabarani. Nani amfuate dereva, wakati wanaye mkaguzi wa kumnyonga? Nilimwambia nilichokiona. Aliendelea kukamua kitambaa muda mrefu baada ya maji kwisha.

"Tulibadilisha namba tu," akasema. "Bisibisi, basi. Bosi mwenyewe ndiye aliyetoa wazo, vioo vilikuwa vinamlundikania dukani."

"Pasi amesimamishwa. Wanasema alikula rushwa."

"Yule wa koti? Hakula kitu. Hata soda hakunywa. Nilimsalimia, akapima, akanipa."

"Najua. Nenda ukawaambie hivyo."

Akacheka bila furaha. "Niende nikawaambie mimi ni tapeli? Halafu watoto wale nini, ukweli?"

"Watamfunga, kaka."

"Watamhamisha. Watu wa serikali huwa wanahamishwa." Akarusha kitambaa ndani ya ndoo. "Wewe ulinifungia njia ya kwanza, nikapita ya pili. Ungenipa siku ile, huyo mtu wako angekuwa kazini leo. Umeshalifikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria. Tangu Jumanne sijafikiria kingine.

Jumatatu, 21 Julai

Nilikwenda kazini. Nilipima.

Jumanne, 22 Julai

Nilipima.

Ijumaa, 25 Julai

Wifi amekuja kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

"Sijaja kugombana, wifi," akaanza. "Kaka yako hajui kama niko hapa. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Nyamaza tu. Sikuambii useme uongo. Kunyamaza si uongo."

"Kuna mtu atafungwa."

"Mtu huyo ni nani yako? Alikulea? Alikubeba mgongoni ulipougua surua?" Hakupaza sauti. "Mimi nilipoolewa nilikukuta. Sikuwahi kumuuliza mume wangu kwa nini ada yako inatangulia gauni langu. Sijawahi, wifi. Leo ndiyo mara ya kwanza naomba."

Hakusubiri jibu. Alipoondoka nikagundua hakugusa hata maji.

Jumatatu, 28 Julai

Leo wamemleta Pasi kituoni awaonyeshe jinsi mashine inavyofanya kazi. Alikuja na mchunguzi, mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu, na askari mmoja nyuma. Amelala mahabusu tangu Ijumaa. Shati lake lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyotupwa, na kila baada ya muda alikuwa akijaribu kulinyoosha kifuani kwa kiganja.

Aliwaeleza kijiti kinavyoingia na mafuta yanavyokanyagwa. Mchunguzi akauliza, "Na hapo ndipo mtu anaweza kudanganya?" Pasi akafikiri kweli, kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Hapana," akasema. "Hapo hapana. Labda kabla."

Kabla. Alikuwa amelikaribia jibu mwenyewe, ila hakuwa na wa kumwonyesha.

Mkuu alikuwa anatazama saa yake. Ndipo nikaelewa kwamba Mkuu hataki jibu. Pasi ndiye aliyeuliza kuhusu magari ya geti la nyuma kabla yangu, na sasa Pasi anaondoka bila mtu kumsukuma.

Niliweka kijiti chini. Nikamwambia mchunguzi afungue picha. Nilimwonyesha bodi, kioo, mchubuko wa mlangoni. Nikamtajia gari ni la nani.

"Umejua lini?"

"Karibu wiki mbili."

"Mbona umekaa kimya?"

"Mwenye namba hizo ni kaka yangu."

Akaacha kuandika. "Unaelewa tutamshtaki?"

"Naelewa."

"Utasimama mahakamani?"

"Nitasimama."

Pasi alikuwa ananitazama muda wote huo. Hakutabasamu, hakushukuru. Alinitazama kama mtu anayehesabu siku.

Jumatano, 30 Julai

Kaka amekamatwa asubuhi, mbele ya watoto. Nimeambiwa na jirani yao.

Ijumaa, 1 Agosti

Namba yangu imefungiwa kwenye simu ya wifi.

Jumanne, 12 Agosti

Nilivaa gauni la kuonekana na watu, nikakaa kwenye benchi la korido ya mahakama nikisubiri kuitwa. Sikuitwa; ya ndani niliyasikia kupitia mlango uliokuwa wazi. Kaka alisomewa shitaka, akaulizwa, akasema, "Ni kweli." Ikawa imekwisha. Hakunipa hata nafasi ya kusimama mbele yake.

Kifungo cha nje. Leseni imefungiwa. Pikapu imetaifishwa, ikasagwe, kwa kuwa ni chombo kilichotumika kudanganya. Mwenye duka la vioo alieleza kwamba gari lake lilichukuliwa kwenye maegesho bila yeye kujua, na mahakama ikamwamini, maana alikuja na wakili. Kaka alisikia hayo yote na hakumpinga bosi wake. Hata hilo lilinichoma. Mimi nilisema ukweli wangu, na yeye akaumeza wake.

Walipotoka, wifi alipita mbele ya benchi langu akivuta mkono wa mtoto wa mwisho. Mtoto akageuka, akafungua mdomo kunisalimia. Wifi akamgeuza kichwa taratibu, kama anayemrekebishia kola.

Jumatano, 13 Agosti

Mkuu amenipongeza mbele ya wafanyakazi wote. Watu walipiga makofi machache, kisha siku nzima hakuna aliyekula na mimi.

Jumanne, 19 Agosti

Pasi amesafishwa jina, na amehamishiwa mizani ya malori, mbali, huko ambako barabara ya lami inakwisha. Mkuu anasema ni kwa manufaa ya kazi. Alikuja kuchukua koti lake. Walilipata stoo, limejaa vumbi, akalikunja bila kulikung'uta.

Nilimfuata nje. "Nilikuwa na maneno ya kukuambia," nikaanza.

"Usihangaike, dada. Miaka yote nilijua unanidhania mwizi."

"Ulijuaje?"

"Ulikuwa unafunga droo yako kwa ufunguo kila nikipita." Alisema bila hasira, na ningependa angekasirika. "Koti ni mke wangu. Alikuwa dobi kabla hatujaoana. Ungeuliza tu."

Akaniaga kwa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, kama wetu sote msimu huu.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeiona pikapu ikipakiwa kwenda kusagwa. Fremu ya mbao walikuwa wameshaing'oa, walinzi wa kituo wameichoma wakaota moto.

Ijumaa, 29 Agosti

Mkuu ametusomea waraka mwingine. Utekelezaji wa kiwango kipya cha moshi umesogezwa mbele miaka miwili, kwa kuzingatia kilio cha wananchi na hali halisi ya uchumi. Hadi hapo, kitumike kiwango cha mwaka jana. Kabla ya saa tano fundi wa mashine alikuwa ameshafika, akaurudisha mstari mahali pake pa zamani. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kunywa chai.

Niliuliza kuhusu waliobandikwa nyekundu. "Waje upya," Mkuu akasema. Nikauliza kuhusu waliokwisha kupoteza magari. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, nadhani, akasema waraka hauwataji.

Ng'ambo, madirisha ya shule yalikuwa yamefungwa.

Jumatatu, 1 Septemba

Magari mengi. Yamepita karibu yote. Gari la maiti pia limepita.

Jumamosi, 6 Septemba

Baridi imeanza kulegea. Nilikuwa nafua nilipomwona kaka amesimama mlangoni. Amepungua. Amekuja kwa miguu, na kwao hadi kwangu si karibu. Nikamkaribisha, akavua viatu, akakaa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nilimuuliza hali ya watoto, akasema wazima. Nilimuuliza kazi. Anapakia vioo sasa, palepale dukani. Dereva mpya ni kijana mwenye gari lake, na kaka humwonyesha jinsi ya kuvisimamisha visivunjike. Nikasimama kwenda kuweka maji ya chai, akanizuia kwa mkono.

"Nimesikia wameurudisha mstari."

"Ndiyo, kaka. Wameurudisha."

"Wewe ndiwe uliyelipima gari langu. Namba zake unazikumbuka?"

"Nazikumbuka."

"Kwa mstari huu wa sasa, lingepita?"

Ningeweza kumwambia sina hakika. Ningeweza kumwambia kwamba mashine zinatofautiana, kwamba injini ilikuwa inazidi kuchoka, kwamba hata hivyo kosa lilikuwa kubadilisha namba. Alikuwa ametembea njia yote ile kuuliza neno moja, na mtu wa kumuuliza alikuwa ni mimi tu.

"Lingepita," nikasema.

Aliendelea kunitazama kana kwamba sijamaliza. Nilikuwa nimemaliza. Baadaye akainuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akaniambia wifi asijue kama alikuja. Nilimwambia hatajua.